Rangi Iliyopotelea Kabatini

Siku ile sebuleni kwa shangazi walikuwepo hawa: shangazi mwenyewe, dada wa marehemu baba, amekaa peke yake kwenye kochi la watu watatu, mguu wake uliovimba umeegeshwa juu ya stuli, baba mkubwa, kaka yao, aliyeletwa na bodaboda kutoka Mbwara asubuhi ile na vumbi bado limo kwenye nyusi, mama fundi, mshonaji wa nyumba ya mbele, aliyeitwa awe shahidi kwa kuwa ni jirani na hana undugu nasi, mdogo wangu wa mwisho, wa kike, amevaa sare ya shule, amekaa mkekani karibu na mlango, na mimi. Mdogo wetu wa katikati hakuwepo. Yuko Kiongoroni kwenye boti za abiria, na huko ukimpigia mtu asubuhi utampata jioni, tena kama mtandao umependa. Juu ya meza, mahali ambapo siku nyingine huwekwa chai, yalikuwepo makopo yangu matatu ya maua.

Nayataja makopo pamoja na watu kwa sababu siku ile nayo yalikuwa yameshitakiwa. Mashitaka ni kwamba yalipokuwa kwangu yalikuwa na rangi, yalipofika kwa shangazi rangi ikaondoka, na haikuondoka peke yake.

Ni yale maua ya majani manene, yanayoweka maji ndani ya jani kama mshubiri. Hapa Kibiti wengi wanaujua mshubiri tu, na wanaujua kwa dawa. Ya kwangu yalikuwa ya rangi. La kwanza limejipanga kama waridi lililochanua nusu, kingo zake nyekundu kabisa, na juu ya jani lina unga mweupe mwembamba. La pili lina majani madogo ya mviringo yaliyoshikana kama tasbihi, rangi yake ya waridi inayokaribia zambarau. La tatu lilikuwa njano, njano ya embe lililoiva upande mmoja. Niliyapata Dar, nilipokuwa kibarua wa kumwagilia kwenye bustani ya kuuza maua kando ya barabara. Majani yaliyodondoka tulikuwa tunayafagia pamoja na takataka. Mimi nikayaokota nikayatia mfuko wa shati, nikarudi nayo Kibiti, kwa sababu nilishaona kwamba jani moja likiachwa juu ya mchanga mkavu linatoa mzizi lenyewe bila kubembelezwa.

Nina chumba kimoja cha kupanga nyuma ya stendi, na kazi yangu ni kuziba pancha. Nje siwezi kuweka maua. Mbuzi wa jirani hawachagui, na mvua ya masika inayaozesha. Kwa hiyo yanakaa ndani, kwenye dirisha linalotazama mashariki. Jua la asubuhi linaingia pale moja kwa moja, na linapokuwa kali mno linakuwa limeshapanda juu ya bati. Waliokuja kuziba pancha walikuwa wananicheka. "Fundi, mwanamume mzima na maua! Ukioa utamlaza wapi mke, dirishani?" Nilikuwa nacheka nao. Sikujua kwamba ipo siku hakutakuwa na cha kuchekesha.

Kuhusu mdogo wangu. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nikaacha shule darasa la sita kwa sababu kulikuwa na midomo miwili mingine na mimi ndiye mwenye mikono. Silalamiki kwa hilo. Wa katikati akajifunza boti. Wa mwisho alikuwa na kichwa chepesi cha darasani, na mimi nikasema huyu hatatoka shuleni kama nilivyotoka mimi, hata iweje. Alipofaulu kwenda sekondari ikabidi apate mahali pa kulala Kibiti. Kwangu haikuwezekana. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo halali chumba kimoja na kaka yake, hata ukitundika pazia la aina gani. Watu watasema, na kwa hili watakuwa na haki. Shangazi akamchukua. Akampa kitanda na sahani, akamfunza na mapishi. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Ndiyo maana siku ya Idi, alipokuja chumbani kwangu akasimama mbele ya dirisha akasema, "Mashaallah, mwanangu, haya ni maua au ni vito?" nilimpa yale matatu mazuri kuliko yote. Sikuchagua ya pembeni. Nilimpa kama shukrani. Nikamwambia mambo mawili: yakae penye mwanga, na maji asiyape mpaka jani lilegee kidogo na mchanga ukauke mpaka chini. Akasema, "Usinifundishe kulea, nimekulea wewe."

Hakunilea mimi, lakini ilikuwa Idi.

Sasa miezi imepita, yako mezani, na kweli yanatia huruma. Waridi limerefuka shingo kama kuku anayenyonyolewa, majani yako mbalimbali, rangi ya mchicha uliochemshwa. Tasbihi imekuwa kijani. La njano limelainika shina, ukiligusa linabonyea.

Baba mkubwa alianza taratibu, kwa ile sauti anayotumia msibani.

"Mwanangu, sisi hatukuiti kwa ugomvi. Tunakuuliza kwa heshima. Umemletea nini dada yangu?"

"Maua, bamkubwa."

"Maua tunayajua. Maua hayabadiliki rangi kama kinyonga. Haya yalipoingia humu, kuku wakafa. Goti likavimba. Posa ya binti yake ikarudi nyuma. Rangi imetoka kwenye majani imekwenda wapi?"

Kuku wa nusu ya Kibiti walikufa kwa kideri msimu ule, na hakuna aliyewapa maua. Goti la shangazi limekuwa likivimba tangu mimi niko darasa la pili. Na huyu anayeniuliza kitu cha watu kimekwenda wapi ndiye aliyeshika mikorosho ya marehemu baba "mpaka watoto wakue". Mimi nina mvi mbili kidevuni.

Sikusema la mikorosho. Nilimgeukia shangazi.

"Shangazi, yalikuwa yanakaa wapi?"

"Pazuri kuliko kwako. Kwanza juu ya meza hii. Halafu watu wakaanza kuyasifu. Anakuja mtu, anakodoa macho, 'Lo, maua gani haya!' hata mashaallah hasemi. Nikaona rangi inaanza kupauka. Nikajua ni macho ya watu. Nikayaingiza kabatini."

"Kabati lipi?"

Akanyoosha kidole. Lile kabati la vyombo, jeusi, lenye vioo vya kiza, liko kwenye kona ya mbali na dirisha. Na dirisha lenyewe lina mapazia mawili, moja juu ya jingine, na nje yake ni ukuta wa jirani. Maua yangu yalikuwa yamewekwa nyuma ya seti ya vikombe vya harusi yake.

"Humo hamna jua, shangazi."

"Hamna jicho pia."

"Na maji?"

"Kila asubuhi. Tena si maji ya bomba, maji ya kombe. Nimemlipa mwalimu wa madrasa akaniandikia aya sahanini, nikaziosha." Alisema hayo kwa uchungu, na nilimwamini, alikuwa ameyahangaikia. "Na udongo wako ule wa mawe na mikaa nimeutupa. Unapanda ua kwenye kifusi? Nimeagiza tope jeusi la mtoni, lile la mafuriko. Udongo ambao mpunga unaota bila mbolea, sembuse viua vya kopo!"

Kwa watu wa kwetu hakuna heshima ya udongo kupita ile. Mto ukifurika na kurudi, tope linalobaki bondeni ndilo utajiri wa Warufiji, na shangazi aliyapa maua yangu kilicho bora. Lakini haya ni maua ya mawe na njaa. Kwenye tope lile mzizi unakaa kwenye maji kama mtu aliyelazwa na nguo mbichi, na gizani jani halina kazi ya rangi. Ule wekundu jani linautoa kwa sababu ya jua na kiu kidogo. Ukiliondolea jua, ukalishibisha, linarudi kijani, linanyoosha shingo kutafuta mwanga. Halilogwi wala halilogi.

Nilieleza hivyo. Nilieleza vibaya, nadhani, kwa sababu nilikuwa na hasira na maneno yalikuwa yanatoka yamegongana.

"Mnh," akasema baba mkubwa. "Na makopo haya, si makopo ya rangi ya nyumba?"

Yalikuwa makopo ya rangi. Niliyaokota kwa mafundi ujenzi, nikayatoboa chini. Karatasi ya nje ilikuwa bado inaonyesha ukuta mwekundu na mwanamke anacheka.

"Kwa hiyo kati ya mawili," baba mkubwa akaendelea, akihesabu kwa vidole kama anagawa urithi. "Ama ulimletea kitu kibaya, ama uliyapaka rangi ukamdanganya mzee wako. Kwa vyovyote, mtoto hawezi kuendelea kukaa kwenye nyumba ambayo ndugu zake hawaitakii mema. Nitamchukua Mbwara. Kule kuna kazi za shamba, na akipatikana mtu wa heshima, ataolewa."

Mdogo wangu hakuinua macho. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya sketi yake ya shule. Alikuwa kidato cha tatu.

Nimeonewa mara nyingi, kama yeyote aliyekua bila wazazi. Nimeambiwa nile jikoni wakati wenzangu wanakula barazani. Nimetumwa dukani kwenye mvua huku mwenye nyumba ana vijana wanne wamelala. Yote hayo yalipita. Lakini kukaa pale na kusikia kwamba elimu ya mtoto wa watu itakatwa kwa sababu ua limekosa jua, hilo sikuweza. Nilisimama. Nilitaka kubeba makopo yangu, nimshike mdogo wangu mkono, tutoke, na nyumba ile nisiikanyage tena.

"Kaka," akasema yeye, chini kabisa. "Kaa."

Nikakaa.

Ndipo akamwambia shangazi, kwa adabu yote, "Shangazi, kama kaka akiweza kuirudisha rangi, si utajua kwamba ni maua tu?"

Nadhani hata yeye hakutaka mtoto aende Mbwara. Nani angemkanda lile goti?

"Nitajua," akasema. "Ikirudi kabla shule hazijafungwa, atabaki. Isiporudi, aende kwa baba yake mkubwa. Lakini hayatarudishiwa rangi humu ndani. Wala hayataenda kwako, ukayabadilishe ulete mengine, au ukayapake."

Nilikataa. Nilisema mtoto si kuku wa kuwekewa dau. Nilisema mengi. Mdogo wangu akaniangalia tu, na jicho lake lilisema: kaka, ndugu yangu, wewe una hasira, mimi nina mtihani.

"Sasa yatakaa wapi?" akauliza baba mkubwa, akiona jambo limefika mwisho.

Mama fundi alikuwa hajafungua mdomo tangu salamu. Alikuwa na sindano mbili zimechomekwa kwenye kifua cha gauni, kama siku zote.

"Yakae dirishani kwangu," akasema. "Shangazi mtu akikaa barazani kwake anayaona. Mimi si mtu wa upande wowote."

"Dirishani ndipo unaposhonea," nikamwambia.

"Nitasogea. Lakini fundi mwenzangu, mimi asante hailiwi. Likishakuwa jekundu lile la waridi, na mimi nataka langu. Jekundu, si la kijani. Unanisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Mmeshuhudia," akawaambia wengine. "Ananidai mwanga, namdai ua."

Mwanga sikuwa namdai, mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Kazi niliianza siku hiyo hiyo barazani kwake, shangazi akiangalia kutoka upande wa pili na shingo imenyooka. Niliyatoa yote kwenye tope. Niliosha mizizi, nikakata iliyokuwa myeusi, nikayaacha kivulini yakiwa matupu mpaka makovu yakauke. Wapita njia walidhani nimechanganyikiwa. La njano lilikuwa limekwisha. Nilipolikata shina mpaka juu, ndani lilikuwa kahawia tupu. Nililitupa mbele ya shangazi aone. Waridi nililikata kichwa, nikaacha shina na kichwa kila kimoja kikauke peke yake. Mchanga niliuchukua mtoni, ule mnene wenye vijiwe. Wa Kiongoroni, ambao mdogo wangu wa boti angeweza kuniletea bure, haufai, una chumvi ya bahari. Nikachanganya na vipande vya mkaa na matofali yaliyopondwa. Nikayapanda juu juu. Sikutia maji.

Mama fundi akanisaidia kusogeza cherehani. Ile cherehani ya kukanyaga kwa miguu ni nzito kama ng'ombe, na ilikuwa imekaa penye dirisha lile miaka yote kwa sababu chumba chake hakina mwanga mwingine wa maana. Tukaisukuma mpaka kwenye kona, ubavu wake ukielekea makopo. Nikatundika kipande cha kanga chepesi dirishani ili jua lisiyachome ghafla. Ua lililotoka gizani ukilitupa juani siku moja linaungua, linapata mabaka kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Kila baada ya siku chache nilikuwa napandisha kanga kidogo.

Vijana wa bodaboda wakapata kazi. "Mama fundi, siku hizi unashona majani?" "Ndiyo, leta suruali yako nikupimie kiraka." Kwangu walikuwa hawana huruma: "Kaka Maua! Mgonjwa anaendeleaje? Ameshatapika?"

Rangi haikurudi haraka. Kwanza waridi liliacha kurefuka. Halafu majani mapya ya katikati yakaanza kukaa karibu karibu. Halafu, siku moja nimepita kabla ya kufungua kazi, nikaona kwenye ncha ya jani uzi mwembamba wa wekundu, kama mtu amelichora kwa kalamu. Nilisimama pale nikiangalia mpaka mama fundi akaniuliza kama nimekuja kuposa.

Kosa ni kwamba nilimwambia shangazi.

Akaja akiburuta mguu. Akalamba kidole, akakisugua kwenye jani. Akakiangalia. Kilikuwa cheupe.

"Poda!" Alipiga kelele mpaka wateja wa genge wakageuka. "Nilisema! Amelipaka poda! Njooni muone, mtoto wa marehemu kaka yangu ananifanya mjinga mchana kweupe!"

"Shangazi, huo ni unga wake mwenyewe."

"Ua lina unga? Ni mhogo?"

"Uko kama ule wa chini ya jani la mgomba. Ukiusugua unatoka na haurudi. Umeliharibia."

"Mimi nimeliharibia!"

Pale mdogo wangu, aliyekuwa ametoka shule na daftari bado kwapani, alikwenda akachungulia katikati kabisa ya ua, mahali ambapo majani machanga yamefumbana kiasi kwamba hata njiti ya kibiriti haipiti. "Shangazi, tazama huku ndani. Na huku kuna unga. Kaka ana vidole vya kuziba matairi, angepitishaje?"

Shangazi akatazama. Akavuta mtandio. Lakini hakukubali, na mbele ya watu wote akatoa amri: kuanzia siku ile nisiyaguse. Nisiyasogeze, nisiyageuze, nisiyapulize. Mama fundi peke yake ndiye mwenye ruhusa, naye kazi yake iwe kutoyamwagilia.

Nilirudi kwenye matairi yangu. Nilimtukana mtu ambaye hakuwa na kosa, dereva wa watu, kwa sababu ya msumari alioukanyaga barabarani. Kuambiwa usiguse kitu ulichokilea kutoka jani moja, na aliyekuambia ndiye aliyekizika kabatini! Nilikuwa napita njia ile kila asubuhi na jioni, nasimama mbali, mikono nyuma kama mtu anayetazama maiti ya mkubwa. Mtu anayelea maua ndani anajua kwamba kopo lazima uligeuzegeuze, upande huu leo na ule kesho, la sivyo ua linaegemea dirishani. Nilikuwa nimekatazwa kugeuza. Nikaona yanaegemea. Nikaendelea na njia yangu.

Shule zilikaribia kufungwa. Baba mkubwa akaja tena, safari hii na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Hakuuficha, aliuweka mapajani. Tukakusanyika kwa mama fundi, watu wale wale, tumebanana kati ya vitenge na sare za shule zilizokatwa nusu.

Waridi lilikuwa jekundu. Si kama zamani, na pale aliposugua shangazi kulikuwa na alama ya kidole, ipo mpaka leo, lakini jekundu kingo zote za juu. Baba mkubwa akaguna.

"Hili linaweza kuwa limepakwa."

"Na hili?" akauliza mama fundi. Akachukua lile la tasbihi, akaligeuza polepole mbele ya uso wake.

Upande uliokuwa unatazama dirisha ulikuwa wa waridi, umekolea, karibu zambarau. Upande wa ndani ulikuwa kijani kitupu. Mstari kati ya pande mbili ungeweza kuufuata kwa ukucha. Shina moja, mzizi mmoja, kopo moja.

"Upande huu umepata nini?" baba mkubwa akauliza, bila kutaka.

"Jua, bamkubwa."

"Na upande huu?"

"Ubavu wa cherehani," akajibu mama fundi. "Na mwenyewe alikatazwa asiligeuze. Mimi ni shahidi, na mtaa mzima ulisikia."

Mtaani mtu alikuwa anapiga honi ya bure. Shangazi alishika lile kopo, akaligeuza mwenyewe, waridi, kijani, waridi, kijani. Akalamba tena kidole akasugua upande wenye rangi. Kidole kikatoka kisafi. Nilimwona anataka kusema neno, nami nilikuwa nalingoja. Nilikuwa nimelingoja miezi. Neno lenyewe ni dogo, herufi nne tu.

Akamgeukia mdogo wangu. "We binti, umesimama nini? Nenda kachote maji, jua linazama."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Mdogo wangu akaenda mbio, hata kandambili moja akaiacha mlangoni. Baba mkubwa akaukunja mfuko wake mara mbili, akauliza kama kuna chai. Pole sikuipata siku ile, na mpaka leo ninapoandika sijaipata. Kuku wanatajwa bado kwa majonzi. Mikorosho iko Mbwara.

Shangazi alichukua maua yote mawili akayarudisha nyumbani. Sasa yanakaa dirishani kwenye baraza, penye jua la asubuhi, kwenye mchanga wangu wa vijiwe. Juzi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mgeni, "Haya ukiyaweka kabatini yanakufa. Mimi ndiye niliyeyafufua." Mgeni akiwa wa kusifu bila mashaallah, shangazi anayafunika na mtandio mpaka aondoke. Nimeamua hilo nisilishike. Mtoto yuko kidato cha nne, analala pale, anakanda goti, anasoma. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Lakini nisiseme kwamba hasira imeisha. Ninaamka nayo, naifungua pamoja na boksi la vifaa, na nikilaza tairi kwenye beseni la maji kutafuta tundu huwa naiona inatoa mapovu.

Kilichobaki ni mama fundi.

Muda wote ule alishonea kwenye kona, mgongo kwa mwanga. Alikuwa anainamisha kichwa mpaka pua inagusa kitambaa. Mshono mmoja wa gauni la harusi ulipinda, mteja akalirudisha kwa maneno makali, na mama fundi akalifumua lote bila kunitaja. Macho yake yalianza kutoa machozi na hayajaacha vizuri. Cherehani ilirudi dirishani siku ile ile, nilimsukumia mwenyewe, lakini macho hayasukumwi.

Alitaka ua moja tu, jekundu. Jani la kwanza la waridi lile nililomwekea lilioza masika. La pili lilidonolewa na kuku, mmoja wa wale wachache waliosalia kwa shangazi. La tatu liko kwangu dirishani, kwenye kopo ambalo safari hii ni la maziwa, nisije nikaambiwa neno. Limetoa mzizi, na pembeni ya mzizi kimechomoza kiua kidogo kama punje ya mahindi. Nakigeuza kila asubuhi. Naweza kumpelekea hivyo kilivyo, lakini alisema jekundu, na walishuhudia watu.

Nikipita kwake hainui kichwa. Ananijua kwa mwendo.

"Fundi mwenzangu! Deni langu?"

"Linaota, mama."

"Rangi gani?"

"Bado kijani."